Tuonyesheni mieleka nzima, si kuangushana peke yake

Kwa wakurugenzi wa vipindi katika vituo vya televisheni vinavyorusha mieleka kila wiki;
Kwa wenye vibanda vya video vya Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini, na wenzao wa Pasua, Njoro na Majengo;
Kwa maofisa utamaduni na michezo wa Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi.

YAH: KIPINDI CHA MIELEKA CHA KILA WIKI NA WATOTO WANAOKIIGA

Waheshimiwa, salaam.

Hatuandiki kuomba mieleka ifutwe kwenye televisheni. Tunaufuatilia mchezo huu wiki kwa wiki, tunajua unavyochezwa, na tunaupenda. Tunaandika kwa sababu namna unavyorushwa inawaonyesha watoto wa Arusha na Moshi nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari. Ombi letu ni moja: onyesheni kazi nzima, kwa saa inayofaa, na muweke mtu wa kuieleza kwa Kiswahili.

Tuanze na mkasi, yaani kukatwa kwa kipindi. Raw, kipindi cha kila wiki cha WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ilianza kurushwa Januari 11, 1993, ikiwa ya saa moja, na kufikia Julai 2012 ikawa ya saa tatu. Kinachofika kwenye ving'amuzi vyetu na kwenye flashi za vibandani mara nyingi ni toleo lililofupishwa. Mkasi unaondoa maongezi ya kwenye maikrofoni, unaondoa wachezaji kuingia ulingoni, halafu unaondoa zile dakika ambazo watu wawili wameshikana chini, mmoja amemkaba mwenzake, na mtazamaji asiyejua anadhani hakuna kinachoendelea. Hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Wakiwa wameshikana hivyo wanapumua, wanahakikisha mwenzao yuko sawa, na wananong'onezana hatua inayofuata. Mwamuzi naye huwa na kifaa sikioni; anapokea maelekezo ya muda kutoka nyuma ya pazia na kuwafikishia. Ukiziondoa dakika hizo, kinachobaki ni mtu kubwagwa, kuinuka, kubwagwa tena. Mtoto anayelelewa na toleo hilo anajua kwamba mwili unaweza kutupwa chini mara kumi ndani ya dakika tano na usidhurike.

Mkasi huohuo unaua hadithi, na hilo linatuuma kama watazamaji. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alikuwa ameonekana kwenye vipindi vya WWE kwa takribani miaka kumi na moja bila kupewa nafasi ya kuwania peke yake mkanda mkubwa kabisa wa ubingwa. Februari 12, 2019, kwenye SmackDown, kipindi kingine cha kila wiki cha WWE, alikaa ulingoni karibu saa nzima akipambana na mpinzani mmoja baada ya mwingine, akamtoa hata bingwa Daniel Bryan kabla ya kushindwa na AJ Styles. Wiki zilizofuata alinyimwa, akapewa masharti, akanyimwa tena, hadi Aprili 7, 2019, kwenye WrestleMania 35, onyesho kuu la WWE la mwaka, kule New Jersey, alipomshinda Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Anayeletewa dakika kumi za mwisho za safari kama hiyo hawezi kuelewa kwa nini watu wazima walikuwa wanalia majukwaani. Mkiruka wiki mbili katikati, mmeivunja.

Sasa ulingo wenyewe, maana hapa ndipo watoto wanapopotoshwa zaidi. Ulingo wa WWE una upande wa futi 20, yaani kama mita 6. Chini kuna kiunzi cha chuma; juu ya chuma zimepangwa mbao; juu ya mbao kuna sponji nyembamba, kama sentimita 2 au 3; halafu turubai la kitambaa kizito linavutwa likakaza. Hakuna godoro. Kinachomwokoa mchezaji ni mbao kunesa na kiunzi kunesa pamoja nazo, na ile nafasi tupu iliyo chini, ambayo ndiyo inayotoa mlio kama wa ngoma. Mara nyingi huwekwa maikrofoni chini ya mbao ili mlio huo usikike hadi jukwaa la mwisho. Mtoto akisikia ule mshindo anadhani ndio kipimo cha maumivu. Kwa kweli mlio mkubwa maana yake nguvu imekwenda kwenye mbao. Sakafu ya saruji ya darasani hailii. Nguvu yote inabaki ndani ya mifupa.

Na hata juu ya ulingo huo, mtu haanguki tu. Anaanguka kwa namna iliyofundishwa kwa wiki na miezi kabla hajaruhusiwa kuinuliwa na mwenzake. Kidevu kinabanwa kifuani kabla ya kitu kingine chochote. Mgongo wa juu, kati ya mabega, ndio unaofika chini, kwa upana wake wote na kwa mara moja. Mikono inafunguliwa pembeni, si sambamba na mabega bali chini kidogo, na viganja vinapiga sakafu wakati uleule mgongo unapofika. Pumzi inatolewa. Magoti yamekunjwa na nyayo zinatua bapa. Ukitanguliza kiwiko, kinavunjika. Ukitanguliza kitako, maumivu yanapanda uti wa mgongo. Ukisahau kidevu, kisogo kinapiga chini, na hapo ndipo watu wanapozimia.

Kuinuana nako ni kazi ya wawili. Yule anayeonekana ametekwa na kunyanyuliwa mzimamzima, kwa kweli ameruka mwenyewe. Ameweka mkono kwenye paja au mgongo wa anayemnyanyua, na amekaza tumbo ili mwili usilegee. Anayembwaga naye anamwongoza hadi chini kwa mkono uliobaki mgongoni. Bret Hart wa Kanada alijivunia maisha yake yote ya ulingoni kwamba hakuwahi kumjeruhi vibaya mwenzake, na sisi tunaona sifa hiyo inazidi mikanda yake. Watoto wawili uwanjani hawana makubaliano hayo. Anayenyanyuliwa anapiga mateke kujinasua, anayenyanyua anachoka mikono, na kichwa kinatangulia chini kutoka urefu wa mita moja.

Mapigo yanayogeuza kichwa chini tunayataja kipekee. Paildraiva inafanywa kwa kumshika mwenzako miguu juu, kichwa kikiwa katikati ya mapaja yako, halafu unashuka. Usalama wake wote uko kwenye sentimita chache: utosi lazima ubaki juu ya usawa wa magoti au makalio ya anayeshuka, ili yeye ndiye agonge sakafu. Agosti 3, 1997, kwenye SummerSlam, onyesho jingine kubwa la WWE, Owen Hart, mtu mwenye ujuzi mkubwa, alishuka kwa makalio huku kichwa cha Steve Austin kikiwa kimening'inia chini mno. Austin alipoteza nguvu za mikono na miguu kwa muda palepale ulingoni, na shingo hiyo ndiyo iliyofupisha maisha yake ya mchezo. Baadaye WWE ilipiga marufuku paildraiva, ikiwaachia Undertaker na Kane peke yao kwa namna yao ya kupiga magoti.

Pawabomu, pigo la kumnyanyua mwenzako hadi mabegani na kumbwaga kwa mgongo, nayo ina historia yake. Oktoba 5, 1999, wakati wa kurekodi SmackDown, D'Lo Brown alimnyanyua Darren Drozdov mabegani na mshiko ukamponyoka. Shati pana alilovaa Drozdov linatajwa kuwa sababu. Alitua kwa kichwa, akapooza, na hakutembea tena hadi alipofariki mwaka 2023. Watu wazima wawili waliofundishwa, ulingo unaonesa, madaktari wako mita chache, na shati likatosha kuharibu. Watoto wetu wanabwagana wakiwa wamevaa mashati ya shule.

Kuhusu koo tutasema kwa ufupi. Kwenye televisheni, anayemkamata mwenzake koo kwa mkono mmoja na kumnyanyua hamkabi. Kiganja kimelala juu ya mtulinga, na anayenyanyuliwa ameushika ule mkono kwa mikono miwili na kuruka. Roba nayo pale inawekwa kwa kulegezwa. Roba ya kweli inabana mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na mtu anazimia ndani ya sekunde kumi hivi. Viti tunavyoviona vinapigwa bapa, na vinapigwa mgongoni. Kupiga kichwa kwa kiti WWE ilikataza mwaka 2010, baada ya madhara ya ubongo kuwa wazi mno. Lakini vibanda vingi bado vinaonyesha video za kabla ya hapo, zile za mwaka 1998 hadi 2002, ambazo ndizo zilizojaa viti vya kichwani. Mtoto wa leo anaiga mchezo ambao wenyewe wameshauacha.

Wakurugenzi wa vipindi, tunaanza na nyinyi. Kwa miaka mingi Raw imeanza saa 2 usiku wa Jumatatu kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumanne, au saa 10 alfajiri Marekani wakiwa kwenye saa za majira ya baridi. Na tangu Januari 6, 2025 Raw iko Netflix, huduma ya kutazama kwa intaneti, katika nchi kadhaa ikiwemo Marekani. Watazamaji wenu wengi ni wale wanaosubiri marudio. Maana yake mna angalau nusu siku, na mara nyingi siku kadhaa, kati ya pambano kuisha na nyinyi kulirusha. Muda huo unamtosha mtangazaji wa Kiswahili kulitazama mara mbili na kujiandaa.

Tunamtaka mtangazaji huyo awe anajua mambo fulani. Ajue kwamba mwamuzi akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa kama alama ya X, ni ishara kwamba mtu ameumia kweli. Hapo aache kelele na awaambie watazamaji hivyo. Ajue hesabu: tatu ya kubana mabega chini, tano ya kuachia mshiko haramu au kamba, kumi ya kurudi ulingoni. Ajue kumsifu anayepokea pigo, maana ndiye anayefanya kazi ngumu zaidi. Mtu akibwagwa, kwenye marudio ya polepole mtangazaji aseme: tazameni kidevu, tazameni viganja. Sekunde nane zinatosha. Asiogope kwamba akisema matokeo yamepangwa ataharibu utamu. Kampuni yenyewe iliwaeleza watunga sheria wa New Jersey mwaka 1989 kwamba hii ni burudani, si shindano, na watu hawakuacha kutazama. Tunaolijua hilo ndio tunaotazama kwa makini kuliko wote.

Onyo la kutoiga linalokuja na kipindi limeandikwa Kiingereza na linapita kabla mtoto wa darasa la tatu hajasoma maneno mawili. Lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na lisiseme tu "usijaribu nyumbani". Liseme sababu: ulingo unanesa, sakafu hainesi, hawa wamefundishwa kuanguka, wewe hujafundishwa, usimgeuze mwenzako kichwa chini, usimshike koo, usiruke kutoka juu ya kitu. Lirudiwe baada ya kila mapumziko ya matangazo.

Saa ya kurusha isiwe kabla ya saa 3 usiku. Mkiirusha mchana wa Jumamosi mnaipeleka moja kwa moja kwenye viwanja vya jioni ya Jumamosi. Zaidi ya kipindi chenyewe, tunalalamikia tangazo lake: sekunde 30 za mapigo matupu, yameunganishwa, yanapita katikati ya katuni. Hakuna sehemu ya matangazo yenu yenye madhara kuliko hiyo. Tumieni maongezi, tumieni nyuso, tumieni mkanda. Wapenzi wa mieleka tutakuja tu.

Wenye vibanda, tunajua biashara yenu na tunajua watoto ni wateja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka maonyesho ya hadhara ya filamu yawe na kibali, na asiye nacho anaweza kufungiwa. Hatuombi hilo. Tunaomba mtenge: mchana, chagueni mapambano ya kushikana na kuruka kamba, yale ya ngazi, meza, viti na vizimba yasubiri usiku, na mtoto asiingie. Mchezaji Mick Foley kuanguka kutoka juu ya kizimba mwaka 1998, karibu mita 5 hadi kwenye meza ya watangazaji, si picha ya kumwonyesha mtoto wa miaka tisa bila mtu kumwambia kwamba bega liliteguka. Na pale kibandani kwenu, ile nafasi ya mbele ya skrini ambako watoto hujaribiana wakati wa mapumziko, wekeni mabenchi.

Maofisa michezo, kwenu tunaleta kazi ya mikono. Watoto wataendelea kubwagana, kipindi kiwepo kisiwepo. Simu za kaka zao zimejaa vipande vya sekunde 15 vibaya kuliko chochote cha televisheni. Wapeni mahali pa kujifunza kuanguka. Shimo la mazoezi la mita 4 kwa 4 halihitaji fedha nyingi. Chagueni sehemu iliyoinuka, kwa sababu ya masika, na mchimbe mfereji pembeni. Chimbeni kina cha sentimita 15. Zungusheni matairi chakavu ya magari madogo, karibu 30, yakiwa yamelala, yafungwe kwa kamba moja hadi jingine. Tairi likilala lina kimo cha sentimita 20 hivi, kwa hiyo mnaweza kujaza hadi sentimita 30 na ukingo ukabaki juu kidogo. Kujaza tumieni maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala. Unga mtupu wa mbao unashindiliwa haraka na kuwa mgumu, bora maranda yawe mengi kuliko unga. Hesabu ni mita za ujazo 4.8, lakini yanashuka, leteni 6. Kabla ya kuyamwaga pitisheni sumaku, hata ya spika mbovu, kutoa misumari. Juu tandikeni magunia, halafu turubai la mita 6 kwa 6, livutwe likaze na kingo zake zibanwe chini ya matairi.

Msitandike magodoro ya zamani juu yake. Yanaachana, mguu unaingia kwenye mwanya na kifundo kinateguka. Kila wiki funueni, geuzeni maranda kwa reki au jembe, na yakilowa toeni. Yakioza yanashikana kama udongo. Kipimo cha kila siku ni rahisi: mtu mzima apige goti moja kwa uzito wake, goti likigusa ardhi, ongezeni.

Wiki za mwanzo ziwe za kuanguka tu. Mtoto anaanza ameketi, anajilaza nyuma. Akiweza, anachuchumaa na kuanguka. Kusimama ni mwisho. Kitambaa kilichokunjwa kibanwe kati ya kidevu na kifua. Kikidondoka, kichwa kimerudi nyuma, na huyo hasogei hatua inayofuata. Watoto wasiozidi wanane kwa mwalimu mmoja, wawili tu juu ya turubai kwa wakati mmoja, bila viatu, bila mikanda ya suruali, shati limechomekwa au limevuliwa. Walimu wa judo tunao katika mikoa hii, na kuanguka ndilo somo lao la kwanza, waiteni.

Tena, tunawaomba maofisa mpeleke maelekezo haya kwa kila shule ya msingi, yabandikwe ofisini. Mtoto akianguka kwa kichwa au shingo na akasema shingo inauma, au mikono au miguu ina ganzi, au hawezi kuisogeza, au amejikojolea, msimwinue. Msimkalishe. Msimnyooshe shingo, msimpe maji. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kama kilivyo, na asiachie hadi mwisho. Kumhamisha kunataka watu wasiopungua wanne na ubao mpana: mlango uliong'olewa bawaba, au sehemu ya juu ya meza. Wamgeuze mwili mzima kwa pamoja kwa hesabu ya aliyeshika kichwa. Gari liwe pikapu au gari lenye nafasi ya kulaza ubao. Bodaboda, mtoto akiwa ameketi katikati ya watu wawili huku kichwa kinayumba, ndiyo inayoweza kugeuza jeraha la mfupa kuwa kupooza. Mpelekeni hospitali ya Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi.

Aliyegonga kichwa na akainuka mwenyewe naye atazamwe. Akitapika, akirudiarudia swali moja, akisinzia kusiko kwa kawaida, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali siku hiyohiyo. Hata asipokuwa na dalili hizo, asirudi kucheza siku hiyo. Chris Nowinski aliacha ulingo wa WWE kwa sababu ya kugongwa kichwa mara kwa mara, na tangu mwaka 2007 amekuwa akiendesha taasisi ya kushughulikia madhara hayo.

Wakurugenzi, kama hamuwezi kuanza na yote, anzeni wiki ijayo na mawili: onyo lisomwe kwa Kiswahili, na tangazo la mchana lipunguzwe mapigo. Hayo yanahitaji studio, sauti ya mtu mmoja na sekunde 40. Mtangazaji mtakayemteua, sisi tuko tayari kukaa naye na kulipitia pambano zima hatua kwa hatua kabla hajaingia hewani, na hatutahitaji malipo.

Wenu,
Wapenzi wa mieleka, Arusha na Moshi